Magharibi ya Nne ya Mama

Ratri, rafiki yangu, uko?

Jioni jirani yetu Bu Sumarni kaja na sahani ya tempe, ile soya ya kukaanga, kaomba Mama akawafundishe wanawake msikitini maana ya khushuu, ule unyenyekevu wa moyo kwenye swala. Eti hajaona mtu anayezama humo kama Mama. Nikakubali, mjinga mimi!

Mama leo kaswali Magharibi mara nne. Mara NNE. Kila akitoa salamu anauliza, "Tumeshaswali?" Na mimi miezi yote hii nawaambia watu ni uchamungu tu.

Ya nne nikaswali naye. Tulipomaliza nikainama niubusu mkono wake, kama kila siku tangu utotoni.

Akaniwahi. Akaushika wangu, akaubusu yeye. MAMA kanibusu mimi mkono, Ratri.

Halafu akaniangalia: "Mama, leo nimeswali vizuri?"

Nikamwambia, "Vizuri sana, mwanangu."