Noti Moja, Watu Watatu

Dandora, Nairobi, 1989

Kwako Mama Mumbua,

Nakusalimu sana, wewe na watoto. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia magogo kutwa. Kile kikohozi cha Mumbua kiliisha? Na mvua je, mmeona hata wingu?

Barua yako niliipata. Unauliza kama ni kweli nina pesa za Kizungu huku nyinyi mnalima kwa jembe la mkono. Ni kweli, nilikuwa nazo. Sikukuficha kwa ubaya. Nilishindwa kukueleza jambo ambalo mimi mwenyewe silielewi, na hata sasa sijalielewa vizuri.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja Mzungu alikuja karakana akawapenda ndovu wangu wa mti, wale mama na watoto wanaofuatana. Hakuwa na shilingi. Alinipa noti moja ya dola mia, akaenda zake. Unajua utaratibu wetu. Mimi nachonga, Kalekye, yule mjane anayetoka Mwala, anapiga msasa, na Mutiso anapaka rangi ya viatu mpaka mti unang'aa. Kitu kikiuzwa tunagawana siku hiyo hiyo. Lakini noti moja utaigawaje kwa watu watatu? Benki tuliogopa, maana sheria haitaki mtu kukaa na pesa za nje, na maswali yangekuwa mengi. Nikaishonea ndani ya mto wangu.

Mutiso alifurahi. "Iache ilale, mzee! Shilingi inashuka, hiyo inapanda. Hapo umepanda mbegu."

Kalekye akamgeukia. "Mbegu gani, wewe? Hebu nenda nayo dukani uniletee kiberiti. Pesa isiyonunua kiberiti ni picha tu ya mzee mwenye upara."

Jumapili baada ya kanisa nikamuuliza jirani yangu ambaye ni karani kama huko ni kuwekeza. Akasema, "Huko si kuwekeza, Kioko. Ng'ombe huzaa, shamba hutoa. Noti haizai. Unabahatisha tu, kama mtu wa karata."

"Basi niseme ni akiba ya shida?"

"Akiba ya shida ni ile inayotoka shida ikiingia. Yako itatoka?"

Yeye akacheka, akaenda kula.

Kweli shida ikaingia. Binti mdogo wa Kalekye alimwagikiwa na uji wa moto mguuni. Mama yake akaja mbio, kanga imefunguka, akasema, "Kioko, sehemu yangu. Sasa hivi." Noti ilikuwa ndani ya mto, na hapakuwa na mtu wa kuibadilisha. Nikatoa shilingi nilizokuwa nimeweka za kununua ile plau ya kukokotwa na ng'ombe niliyokuahidi, nikampa sehemu yake yote kama tulivyoikadiria. Ndiko pesa ya plau ilikokwenda, Mama Mumbua. Mtoto amepona, anatembea.

Mutiso akasema, "Sawa, sasa umeinunua sehemu yake." Mimi sikujua kama nimenunua, nimekopesha au nimesaidia tu.

Noti ikaendelea kulala. Mwishowe mwenye duka mmoja mjini akakubali kuichukua, akatoa shilingi nyingi kuliko makadirio yetu. Mutiso akapata fungu lake, akacheza katikati ya maganda ya mti. "Si nilikwambia!" Mimi nikaenda moja kwa moja kuuliza bei ya plau. Nayo ilikuwa imepanda. Nilisimama pale dukani kama mtu aliyesahau alikotoka. Pesa imeongezeka, na plau iko mbali vile vile. Nimepata faida au nimezunguka nikarudi nilipokuwa? Ukielewa, uniambie.

Nilipiga hesabu nikaona plau mpya ingepatikana kwa shida, nikitia na lile ongezeko la sehemu ya Kalekye, zile shilingi zilizozidi nilizompa. Mutiso alisema ni langu, kwa sababu Kalekye hakusubiri. Lakini angesubirije, na mtoto analia? Nilikaa nalo siku chache, sikulala vizuri, nikampelekea hizo pesa.

Alizihesabu akaniangalia. "Na plau ya mkeo?"

"Nitaona."

Nimeipata kuukuu kwa fundi wa Gikomba. Chuma ni kizima, ila haina gurudumu la mbele. Gurudumu nimelichonga mwenyewe, kwa kipande kilichobaki cha gogo la wale ndovu. Kalekye alininyang'anya akalipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu. Nikamwambia, "Mama, hilo linakwenda kuburutwa kwenye udongo. Ya nini kulilainisha?"

Akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo ndiyo faida yako. Nyamaza."

Plau itakuja na kaka yangu Musyoka, na lori lake. Kwenye mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana, majirani walete fahali, wewe ulete plau, mlime mashamba yote kwa zamu. Wakicheka gurudumu la mti, waache wacheke.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya miguu nimeipata. Msalimie mwalimu anayekusomea barua hii, na shangazi aliyekuletea habari za dola. Mwambie zimekwisha.

Ni mimi mumeo, ninayewakumbuka kila nikishika tezo kuchonga,

Kioko, baba Mumbua