Sha Wanli Hakuwa Mwongo

Mwaka umetimia, Baba Ruilin, tangu asubuhi ile ulipomaliza sala ya alfajiri, ukaegemea ukuta, na hukuinuka tena. Nilidhani unamalizia nyuradi zako. Nikakuachia chai ipoe.

Wanaosoma kumbukumbu hii wanakujua kwa majina mengi. Kwenu Tongxin wewe ni Sha Wanli. Msikitini ni Yahya. Kwa wenye viwanda wa hapa Yiwu, mji wa biashara wa China, ulikuwa Mzee Sha, mkalimani wa Kiarabu. Miezi saba sasa wamekuongezea jina jingine, Mwongo, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Mimi niliishia darasa la tano. Atakayeona makosa ya mwandiko anisamehe. Kwa mengine nitakayosema hapa siombi msamaha wa mtu.

Ulikuwa mtu wa huruma. Mfanyabiashara mgeni akiugua, ulimpeleka hospitali ukakaa naye mpaka apewe dawa, ukirudi unaniambia ulichelewa sokoni. Kila alasiri ulinimenyea vitunguu saumu vya mgahawa wetu, hata siku ulizotoka uwanja wa ndege, viatu bado miguuni. Hukuwahi kuniinulia sauti. Siku hizi natamani ungeniinulia. Labda shinikizo la damu lililokuua lingepata pa kutokea.

Kwa miaka kumi na moja ulikaa katikati ya watu wawili. Mmoja ni Bosi Lou, mwenye kiwanda cha chupa za chai. Mwingine ni Haji Mahrus wa Tanta, kule Misri, aliyezinunua. Walikutana mezani kwangu, maana Haji hali ila chakula cha halali, na kila mwaka kabla ya Ramadhani ulisafiri na Lou kwenda Tanta. Mimi nilisimama mlangoni pa jiko nikivuta tambi na kuwatazama. Kiarabu changu ni cha sala tu, lakini macho ninayo.

Niligundua jambo ambalo hata wewe hukujua kama nalijua. Kabla ya kutafsiri ulifunua mfuniko wa kikombe chako, ukapuliza chai. Ukipuliza mara moja, ni maneno ya kawaida. Ukipuliza mara mbili, kuna tusi.

"Mwambie huyu ngamia," Lou alisema siku moja, "kila siku inshallah, inshallah! Mungu wake ndiye anayepakia kontena?"

Ukapuliza mara mbili. Ruilin, binti yetu, aliyejifunza Kiarabu kwako na aliyekuwa akiandaa meza, aliniambia baadaye ulichosema: "Bwana Lou anasema mwezi ni mfupi na meli ni chache. Anakuomba umsaidie kwa kumpa tarehe."

Haji akapiga meza. "Mwambie mchuuzi huyu asiye na adabu, mimi nilikuwa nauza chupa kabla yeye hajaota meno!"

Mara mbili tena. "Haji anasema kazi hii ameifanya siku nyingi, anajua shida zake. Tarehe atakupa Jumanne."

"Unaona?" Lou akacheka na kumjazia Haji bakuli la nyama. "Mtu mzima huelewa upesi."

Wakaondoka wameshikana mikono. Wewe ulibaki umekaa, mkono umebana goti chini ya meza. Nikakuuliza, "Hivi Lou alisema nini hasa?"

"Alisema anaogopa kuchelewa."

"Sikusikia akisema hivyo. Kichina nakijua, Baba Ruilin."

"Wewe ulisikia ngamia," ukanijibu. "Mimi nilisikia mtu mwenye wafanyakazi sitini wanaomngoja."

Halafu kuna lile sinia la Tanta. Lou alikaribishwa nyumbani kwa Haji, akalisifu sinia la shaba lililotundikwa ukutani. Haji akasema, "Lichukue, ni lako," kama wanavyosema kwao mgeni akisifu kitu, na mgeni hushukuru tu, mambo yakaisha. Lou akakataa mara tatu, kama tunavyokataa huku hata kitu tunachokitaka. Haji akamshikilia mara tatu, maana kwao kutoshikilia ni uchoyo. Mara ya nne Lou akaona akizidi kukataa atamvunjia mwenyeji heshima. Akalichukua! Sinia la marehemu babake Haji! Ulinihadithia nikacheka mpaka tambi zikanikatika mikononi, lakini ulisema siku ile hakuna aliyecheka. Mama yake Haji aliinuka akaondoka chumbani.

Asubuhi ukamwambia Lou kwamba kwa watu wale mgeni wa heshima hulirudisha sinia kwa mama mwenye nyumba, pamoja na dua. Akalirudisha kwa mikono miwili, ameinama. Ukamwambia Haji kwamba Lou amelirudisha kwa sababu amemfikiria marehemu baba yake Haji. Haji akalia. Mama yake akamkaangia Lou njiwa, akamla mzima. Miaka minane baada ya hapo, sinia lilikaa ukutani pake na watu wale wakaitana ndugu. Nani aliumia pale? Nionyesheni!

Ulipokufa, nilikaa eda. Ilipokwisha, Haji akaja Yiwu kutupa pole na kuagiza mzigo. Ruilin akajitolea kutafsiri. Lou akamwambia, "Mwanangu, pumzika. Simu hii inajua lugha mia, na haili tambi." Akaiweka mezani kwangu, pale pale ulipokuwa ukikaa.

Simu haipulizi chai.

Lou aliongea kama alivyozoea, kumbe hakuwahi kujua alivyozoea. Sauti ya kike ikatoka simuni, tamu kabisa, ikamwita Haji ngamia. Haji akajibu, na simu ikamrudishia Lou yote, mchuuzi, meno na adabu. Wakasimama. Likaja na la sinia. "Alisema ni desturi yenu kulirudisha!" "Alisema ulimheshimu baba yangu!" Nusu saa haikufika, miaka kumi na moja ikawa imelala sakafuni pamoja na bakuli zangu mbili.

Halafu wakapata jambo moja la kukubaliana, kwamba mwenye makosa ni wewe.

Lou alisimama mlangoni kwangu mtaa mzima ukisikia. "Shemeji, mumeo alinifanya mjinga miaka kumi na moja!"

"Ingia unywe chai," nikamwambia.

"Sitaki chai! Nataka nijue lipi lilikuwa kweli!"

Haji naye akaja kivyake, akakaa kwenye kigoda, akasema Ruilin akimtafsiria. Nilikuwa nimemwonya mtoto asipunguze neno. "Mama Ruilin, nilimpenda Yahya kama damu yangu. Nimekwenda na mtu mnafiki kumbe." Mtoto wako alilitafsiri neno hilo juu ya baba yake bila kukosea, na sauti haikumtetemeka. Ungemwona! Tangu hapo wateja wake wa ukalimani wanampita sokoni. Binti wa mwongo, wanasema, atatuuza.

Msikitini nikasikia wanawake wakinong'ona kwenye udhu kama riziki yako ilikuwa halali. Hilo lilinikosesha raha kuliko kelele za Lou. Mwezi mzima nilimwomba Mungu anionyeshe kama nimelala miaka ishirini na tisa na mtu mwongo. Nikamwendea imamu. Akanijibu kwamba anayepatanisha watu kwa maneno mema hahesabiwi kuwa mwongo, na kwamba jambo hilo linajulikana tangu zamani. Nikalia palepale. Nilipofika nje hasira ikanirudia upya. Kama linajulikana tangu zamani, imamu, kwa nini hukulisema juu ya mimbari walipokuwa wananong'ona? Nakuuliza mbele ya wasomaji, kwa heshima zote.

Nawe Bosi Lou, soma hapa. Mume wangu alisikia kila tusi lako kwanza yeye, kwa masikio yake, kisha akalitunza asimpe mwingine. Ulidhani yalikuwa yanakwenda wapi? Daktari aliandika shinikizo la damu. Mimi naweza kumwandikia na majina. Haji Mahrus, na lako limo. Hamkudanganywa ninyi. Mlilelewa.

Na wewe, Baba Ruilin, nakukasirikia pia, Mungu anisamehe. Kwa Lou ulikuwa mpole, kwa Haji mpole, na nyumbani ulikuwa unauliza tu, "Vitunguu viko wapi?" Ungenigawia hata robo ya ulichomeza. Mimi ningeweza kukitapika.

Basi sikiliza nilichoamua. Ijumaa hii baada ya sala tunakusomea hitima hapa mgahawani. Mikate ya mafuta nimeanza kuikanda, na kwa desturi yetu hupelekwa mlango kwa mlango kwa kila aliyekujua. Nitaipeleka milango yote isipokuwa miwili. Lou na Haji, aliyerudi Yiwu wiki hii na kufikia hoteli yake ya siku zote, hawatapelekewa. Wa kwao utakuwa mezani. Anayetaka kukuita mwongo aje aufuate, na aliseme neno hilo mbele ya kaburi lako, lililo bado bichi moyoni mwangu, na mbele ya binti yako.

Simu zitaachwa mlangoni. Ruilin hatatafsiri, nimemkataza. Viti vitakuwa vitatu, chako katikati, hakuna atakayekikalia. Mbele yake nitaweka kikombe chako na mfuniko wake, chai ya moto, tende na kipande cha sukari kama ulivyopenda. Hawana lugha moja, najua. Lakini kila mmoja alikutazama miaka kumi na moja. Anayetaka kusema, afunue kwanza, apulize.

Mara mbili.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Tie Guifen, binti yako Ruilin, mama yako Bibi Hei aliye Tongxin, ambaye hatujamwambia wanavyokuita, na mdogo wako Wancheng pamoja na watoto wake. Hakuna hata mmoja wetu atakayekusahau, Yahya, wala hatutakaa kimya anapotokea wa kukusahaulisha.