Mtungi Wangu Mashimoni

Sasa Nekesa, dadangu,

Usiniulize Nairobi inakaaje, maana mimi nimeona kibanda kimoja tu cha maji hapa Mashimoni, Kibera, na kimenimaliza. Si unajua kazini walinituma nishawishi akina mama waache kupanga mitungi kwenye laini, wachukue namba kwa simu? Mimi, kiongozi wa timu ya teknolojia, na kozi ya ushawishi niliyosomea juu yake! Jua linachoma, koo limekauka, naeleza faida mpaka najichosha mwenyewe. Wao wananijibu "sawa, sawa" huku wakisukuma mitungi mbele.

Mwishowe Mama Atieno, mwenye kibanda, akaniuliza, "Na wako uko wapi?"

"Sina mtungi," nikamjibu.

"Basi wewe unaongea ukiwa nje ya laini."

Nekesa, nilikasirika nikaenda kununua mtungi wa manjano, nikauweka mwisho kabisa. Nikatoka kidogo tu kutafuta mandazi. Kurudi, mama mmoja ameshatanguliza wake! Nilipiga kelele nafikiri hata Gatwekera, kijiji jirani, walinisikia: "Hapo ni pangu! Mbona unanipita?"

Laini nzima ikaangua kicheko. Mama Atieno akanivutia stuli. "Haya, sasa ongea. Tunakusikiza."

Unajua nilifanya nini? Niliketi kuulinda mtungi wangu. Macho yangu yote yalikuwa kwake, nisipitwe tena.

Mkumbatie mama, na mniwekee ndizi. Nawapenda, hata wewe unayecheka.

Kaka yako Wafula, bado kwenye laini