Birika Ulilolifunga kwa Gazeti

Leo umetimia mwaka, Baba Watoto, tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipoinama kufunga kamba za viatu na hukuinuka tena. Watoto walitaka kumtafuta mtu anayejua kuandika atutungie maneno mazuri ya gazetini. Nikakataa. Nimesema nitaandika mwenyewe, kwa sababu nina jambo la kukwambia, na nataka watu walisikie.

Walikuita Fundi Matobo, nawe ukaitika. Kwa miaka thelathini na minne uliziba masufuria ya watu, ukabadilisha mikono ya vikaango, ukanyoosha vifuniko vilivyobonyea. Jina la mteja ulilisahau kabla hajafika mlangoni, lakini chombo chake ukikiona mara moja basi, hukisahau tena. Ulikuwa ukirudi nyumbani unaniambia, "Leo nimekutana na yule mama wa sufuria pana," kana kwamba mimi nakaa karakana namjua.

Aibu uliyonitia kwenye harusi ya mpwa wako sijaisahau. Hukuweza kukaa mbele ya chombo cha mtu bila kukigeuza kutazama kitako. Ukageuza bakuli la wenyewe, mchuzi ukamwagikia kitambaa cha meza, nikatamani ardhi ipasuke. Wewe ukamwambia mwenye harusi, "Mmeuziwa kitu kizuri hapa."

Karakana yako ilikuwa na sheria moja, na sote tuliijua. Rafu ya kushoto ni ya kazi inayosubiri. Rafu ya kulia ni ya kazi iliyokwisha, imefungwa kwa gazeti na kamba, na haifunguliwi na mtu yeyote isipokuwa mwenye chombo. Hata mimi mkeo nisiguse. Ulisema mtu ana haki ya kuwa wa kwanza kukiona chombo chake kikiwa kizima.

Halafu likaja lile birika.

Alilileta mkunga mstaafu, yule mama anayekaa ghorofani juu ya duka la dawa. Alikuwa amelisahau motoni likakauka, kifundo cha kifuniko kikayeyuka. Birika la Kijapani, la chuma kisichoshika kutu, alilopewa na wenzake kazini siku anastaafu. Kifundo ulikimaliza siku hiyo hiyo. Kisha ukamwomba akuachie birika ulitazame kidogo, naye kwa wema wake akasema, "Kaa nalo, fundi. Nina sufuria ya kuchemshia."

Hicho kidogo chako kilikuwa miezi mitano.

Uliniita karakana kunionyesha, na nilikuja na hasira zangu kwa sababu niliacha nguo ya mteja kwenye cherehani. Ukanishika kidole ukakipitisha pale mdomo unapoungana na mwili, nje, kisha ndani. "Umesikia kiungo?" Sikusikia kitu. Ukalijaza maji, ukamimina. Maji yalitoka membamba na yamenyooka, na ulipoliinua yakakatika papo hapo, hata tone moja halikuteremka shingoni. Ukaliinamisha mpaka nikadhani kifuniko kitaanguka, hakikuanguka. Ukanionyesha kwamba mkono wake ukisimama haugusi mwili wa birika popote isipokuwa kwenye misumari miwili, ndiyo maana hauunguzi. Kitako kipana, kinakaa juu ya moto kama mtu aliyeridhika na kiti chake.

"Aliyetengeneza hili," ukaniambia, "alimfikiria mtu anayemimina. Wengi wetu tunamfikiria anayenunua."

Nikasema, "Zuri. Ningekuwa nalo ningelitumia mpaka nife. Ila mkono wake mwembamba, mimi ningelidondosha." Nikarudi kwenye cherehani yangu. Maneno hayo niliyasahau kabla sijafika nyumbani.

Baada ya hapo nikakupoteza. Ulikwenda mapema, ukarudi jioni huna la kusema. Mlango wa karakana, ambao miaka yote ulikuwa wazi, ukaanza kuufunga kwa ndani. Nikikuletea chakula unakipokelea mlangoni kama mtu anayedaiwa. Nyumbani unakaa mbele yangu macho yako yako kwingine, unachora chora na kidole mezani. Nikawaambia majirani nimeletewa mke mwenza wa chuma, wakacheka, nami nikacheka. Lakini kicheko kiliisha na maneno yakabaki. Nilimwambia dada yako. Nilimwambia mke wa mchungaji wetu. Hata siku za msiba, nyumba imejaa watu, nilisema kwa sauti kwamba mume wangu amekufa akiwa amenichoka, na kwamba miezi yake ya mwisho aliipa birika la mtu. Binti yetu akaniambia, "Mama, nyamaza." Sikunyamaza.

Wiki tatu baada ya kukuzika, mkunga alikuja kuulizia chombo chake. Hakuja kwa haraka, alikuja kwa adabu, amevua viatu mlangoni. Nikampeleka karakana. Kwenye rafu ya kulia kulikuwa na kifurushi kimoja tu chenye umbo la birika, kimefungwa gazeti na kamba kwa yale mafundo yako mawili. Nilikitoa nikampa. Sikukifungua, kwa kuwa sheria yako niliiheshimu, na kwa kweli kitu hicho sikutaka kukitia machoni. Alipoondoka nacho nilihisi nimemtoa mtu nyumbani kwangu.

Miezi minane karakana ilikaa imefungwa. Mwezi wa nne mwaka huu binti yetu mkubwa, fundi umeme wetu, akasema anataka kuitumia kwa kazi zake. Akaanza kusafisha. Mchana akanipigia simu, "Mama, njoo. Njoo sasa hivi."

Kwenye rafu ya kushoto, ndani ya mfuko safi wa unga, lilikuwapo birika la Kijapani. Kifundo kipya ulichokiweka wewe, mkono mweusi mwembamba, na chini ya kitako yale maandishi yao madogo. Chini ya meza binti alikuta vipande vya karatasi ngumu ulivyokata kwa umbo la mdomo wa birika, vingi, kimoja juu ya kingine, vimepigwa mistari. Alikuta midomo kumi na mmoja ya bati na chuma uliyoiharibu. Na kwenye kopo alikuta donge la udongo wa kuzibia vioo, limekauka, limefinywa na mkono wa mtu.

Nililitambua donge lile. Jumapili moja ulinijia nalo jikoni ukasema, "Finya hapa." Nikakuuliza unanichezea nini na uzee huu. Ukasema, "Finya tu, kama unainua kitu." Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia havikunjiki, baridi yabisi ilivimaliza zamani, na kwenye udongo vilikuwa vimelala vimenyooka vile vile. Mafinyo mawili marefu na mawili mafupi.

Binti yangu akaniletea kiti.

Nilikaa karakana mpaka jua linashuka, Baba Watoto. Kitu chako cha kwanza na cha mwisho ulichokifua mwenyewe mwanzo hadi mwisho, baada ya miaka yote ya kuziba vya wenzako, ulikifanya kwa kipimo cha mkono wangu. Nami nilikitoa nikampa mtu, na nikafurahi kilipoondoka.

Kesho yake tulipanda ghorofani kwa mkunga, mimi na binti, na birika la Kijapani kwenye mfuko wake wa unga. Njiani nilikuwa najiambia akikataa ana haki. Nilimpa mwenyewe, kwa mikono yangu. Nilipomwekea lake mezani alilitazama, kisha akakaa chini taratibu.

"Kumbe hakuliharibu," akasema.

"Ulijua lile si lako?"

"Mdogo wangu, nilijua kabla sijamaliza kulifunua. Langu lina mkono mweusi. Lile lina mkono wa mti."

"Mbona hukurudi kusema?"

"Nije niseme nini? Mtu amezikwa juzi. Nilidhani alilifungua la kwangu likamshinda, akaona haya, akanifanyia jingine. Nikasema nikiliongelea, watu watasema Fundi Matobo alimharibia mteja. Nikalinyamazia."

Miezi minane mama yule alilinda jina lako, na mimi mkeo nilikuwa nalitangaza vibaya mitaani.

Akalitoa kabatini. Lilikuwa linang'aa, hakulitumia. "Nililijaribu mara mbili," akasema, "vidole vyangu havipati pa kukaa. Mkono wake umekaa ovyo, sijui kwa nini." Binti yangu akalijaza maji bombani, akaliweka mezani mbele yangu. Nikaweka mkono. Vidole viwili visivyokunjika viliingia kwenye mifereji uliyoichonga, viwili vikazunguka mti. Nikaliinua likiwa limejaa tele, kwa mkono mmoja, kitu ambacho sijakifanya na chombo chochote kwa miaka tisa.

Mkunga akatazama mkono wangu, akatazama birika. "Basi lichukue," akasema. "Lina mwenyewe."

Tangu siku hiyo nalitumia asubuhi na jioni. Nikwambie ukweli, kwa kuwa ungetaka kujua: kifuniko kinakaa, mkono hauunguzi, na kiungo cha mdomo kidole hakikisikii. Lakini bado linadondosha tone moja. Lile la Kijapani limekushinda hapo. Nalifuta tu.

Sijui ulikuwa unangoja siku gani kunipa. Binti anadhani ulitaka niende mwenyewe karakana nikafungue gazeti, kama wateja wako. Inawezekana. Miezi ile mitano sikuja hata mara moja kukaa nawe, nilileta chakula na hasira nikaondoka.

Nimeomba tangazo hili litoke gazetini kwa sababu moja. Nilikusema vibaya mbele za watu, na kuomba radhi chumbani peke yangu hakutoshi. Majirani zangu, wifi yangu, mke wa mchungaji, na wote mliokuwepo msibani mkanisikia: nilichosema hakikuwa kweli. Mume wangu hakunichoka. Alikuwa ananipenda, na alifanya kazi ya kunipenda mpaka siku zake za mwisho. Nisamehe, Baba Watoto.

Unakumbukwa na mimi mkeo, fundi cherehani; binti yetu mkubwa, ambaye sasa ana funguo za karakana; mdogo wake, dereva wa lori, anayelia akiwa barabarani halafu anasema ni vumbi; mkwe wetu; dada yako, ambaye ameniambia niandike kwamba ameshanisamehe kwa niaba yako; wajukuu zako watatu; na mama mkunga, ambaye si ndugu kwa damu, lakini hatuoni tena tofauti.

Mwaka huu na miaka ijayo yote, hutatutoka moyoni.