Kofia Haisafiri Chafu

Kiponda, Mji Mkongwe
3 Februari 2025

Ndugu yangu Mujtaba,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani kwako huko Hamburg. Huku afya ni nusu kwa nusu. Mama, Bi Jokha, aliyetunyonyesha mimi na wewe ziwa moja mama yako Nurjehan alipokuwa mgonjwa, magoti yamemkatalia. Mwaka wa pili huu hajashuka ngazi.

Miaka tisa hatujasemezana. Nnajua kwa nini, na sikuja kulijadili. Anuani ya barua pepe nimepewa na dada yako Rumana, na nakuandikia kwa kompyuta ya dukani kwa Sabri, anayechapisha karatasi za wanafunzi.

Ukuta wa nyuma umepasuka, kutoka paani mpaka chumbani kwa mama. Usinitajie ile methali ya ufa. Kila anayepita ananitajia, na hakuna hata mmoja aliyekuja na chokaa. Fundi Kificho anasema bila ya boriti mpya, masika haya nyumba inalala. Nimeziandikia ofisi zote. Wanauita mji huu urithi wa dunia. Dunia haijatuletea hata msumari.

Kilichobaki ni kofia ya babu yake mama, Effendi Khalil, aliyekuwa askari wa Wajerumani: ya kaki, ndefu kama tarabushi, ina pazia la shingo nyuma na tai wa chuma mbele. Wewe uliyekuwa ukiuza vitu vya kale ndiye unayezijua. Ni ya kweli? Ina thamani gani?

Ndugu yako wa ziwa,
Saud


Hamburg
6 Februari 2025

Saud,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, ila baridi. Mbusu mama mkono kwa niaba yangu.

Miaka tisa, na barua umeimaliza kwa kuuliza bei. Hukubadilika.

Sikiliza. Zile kofia za Kijerumani zenye ncha utosini ziko tele, za kweli na za kuigiza. Ya askari wetu ni adimu, kwa sababu ni ya kitambaa, na vitambaa vililiwa na mende. Ndiyo maana wanaoighushi ni wengi. Tai hathibitishi kitu. Tai hutengenezwa hata leo. Ndani pawe na fito zilizosukwa, si karatasi ngumu. Kisha geuza bitana: patakuwa na muhuri wa wino, nambari ya kikosi na mwaka. Wino wa zamani huingia ndani ya nyuzi ukawa rangi ya kutu. Huo hauigiziki kirahisi.

Muhuri ukisomeka, nina mkusanyaji hapa, mtu mwaminifu, atakayelipia boriti zako zote na chokaa juu. Bila ya muhuri ni kofia ya wachezaji wa jukwaani.

Usiifute hata vumbi. Niletee picha ya muhuri.

Mujtaba


Kiponda
9 Februari 2025

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mama anakusalimu. Amesema, "Muulize Muhindi wangu, maziwa yangu yalikuwa machungu?"

Muhuri upo. Nimeuona kwa tochi: nambari, mwaka 1911, na chini yake babu ameandika jina lake mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Fito zipo, zimesukwa. Nilikaa na kofia ile mapajani nikapandwa na hasira. Mtu kavalishwa tai wa watu, kapigana vita vya watu, kawapiga wenzake kwa ajili ya watu hao; leo kofia yake inataka idhini yao ili mjukuu wake asiangukiwe na ukuta. Ningekuwa bado na gazeti langu, ningewaandikia kurasa mbili.

Lakini nauza. Kesho naazima simu ya Sabri nipige picha; yangu haioni hata uso wangu. Mama nimemwambia tu kwamba kofia inasafiri Ulaya. Barua yako sikumsomea. Naona haya kumwambia kwamba nnauza kitu cha babu yake.

Ndugu yako wa ziwa,
Saud


Hamburg
24 Februari 2025

Saud,

Natumai ni uzima. Wiki mbili zimepita. Mkusanyaji ameniuliza mara tatu, na Rumana ananambia mawingu yameanza mapema mwaka huu. Picha iko wapi?

Nijibu hata kwa matusi. Nshayazoea.

Mujtaba


Kiponda
2 Machi 2025

Ndugu yangu Mujtaba,

Assalaam aleikum, na Ramadhani njema. Nisamehe kwa kimya.

Siku ile niliyotaka kuazima simu, Sabri alikwenda Paje kupiga picha za harusi, akarudi kesho yake. Unamjua mama. Miaka arubaini amefua na kutia wanga kofia za viua za nusu ya maimamu na mabwana harusi wa mji huu. Alimwita jirani yetu Muzdalifa amletee beseni na sabuni ya mche. Nilipoingia na simu, kofia iko dirishani juu ya bakuli, imesimama wima, inanukia udi.

"Kofia ya babu yangu haisafiri chafu," akanambia. "Na ndani palikuwa na doa baya la kutu. Nimelitia ndimu na chumvi, nikalianika juani, nikalitia tena. Tazama, limetoka lote."

Nikamwambia, "Ahsante, mama."

Sasa nisikilize. Niliandika gazetini kwamba unagonga mihuri ya Kijerumani katika chumba cha nyuma cha duka lako. Basi gonga. Kofia nitampa msafiri akuletee. Nambari naikumbuka, mwaka naukumbuka, jina nitaliandika mimi. Si uongo huu. Ni kurudisha kilichokuwepo. Mimi niliyekuita mwizi mbele ya mji mzima, nnakuomba. Ufa sasa unaingia mkono.

Ndugu yako,
Saud


Hamburg
5 Machi 2025

Ndugu yangu Saud,

Waaleikum salaam, na Ramadhani njema kwako na kwa mama. Nimeisoma barua yako nikacheka, mpaka mke wangu akaja kuniuliza nalia nini.

Sijui kugonga muhuri. Sikuwahi kujua. Chumba kile cha nyuma niliweka vyombo vya mama yangu baada ya kufa kwake, kwa sababu sikuweza kuvigawa. Hukuja kutazama; kalamu ilikutosha. Wateja walikuja na gazeti lako mkononi, na mwaka ule ule nikafunga duka nikaja huku. Ningekuwa yule mtu uliyemwandika, leo ningekuokoa.

Mkusanyaji nimempa habari yako yote. Anasema anaiamini, lakini hanunui maneno.

Rumana ana vyumba viwili vitupu Amani, nyumba ya chini, haina ngazi. Ufunguo anao yeye. Mteremshe mama leo, si kesho.

Ndugu yako wa ziwa,
Mujtaba


Amani
29 Machi 2025

Ndugu yangu Mujtaba,

Assalaam aleikum. Mama hajambo. Mimi mzima wa mwili.

Nilibishana naye siku kumi na tano. Mwisho tulimteremsha juu ya kiti, mimi, Kificho, Sabri na Kheir muuza kahawa, akitutukana ngazi kwa ngazi. "Mnanichukua kama sanduku," anasema, na kofia kaikumbatia. Siku ya tatu baada ya kuhama, mvua ilipokuwa kubwa, ukuta wa nyuma uliingia ndani na kuondoka na sakafu zote mbili. Hakuwemo mtu.

Hajui. Kila siku ananiuliza fundi kafika wapi, na kofia itasafiri lini. Mimi niliyejigamba umri wangu wote kwamba nnasema kweli, namwambia, "Karibu, mama."

Gazeti langu lilikufa zamani, kwa hiyo nimeandika kwa mkono kwamba niliyoyasema juu yako yalikuwa ya uongo, nikatia jina langu, nikaibandika karatasi kwenye mlango wa duka lako la zamani. Asubuhi nikaikuta ipo, wino wote umechukuliwa na mvua. Nikaandika nyengine. Nayo hivyo hivyo. Leo baada ya alasiri nakwenda kubandika ya tatu.

Ndugu yako wa ziwa,
Saud