Mkono wa Kulia Hausikiki

Jumatatu, 4 Machi
Wiki tatu kasoro siku mbili kabla ya mashindano ya piano. Mwaka huu napeleka wanafunzi wawili tu. Msemaji, miaka tisa, mdomo haupumziki hata akipiga skeli, zile noti za kupanda na kushuka. Na Vidole, miaka kumi na miwili, anayelelewa na shangazi yake, fundi cherehani. Watapimwa skeli, kusoma noti papo hapo, kusikiliza, na kipande kimoja cha kuchagua. Vidole kachagua cha taratibu, laini kabisa. Lakini mkono wa kulia hausikiki! Nimemwambia abonyeze zaidi. "Sawa, mwalimu."

Alhamisi, 7 Machi
Bado noti za juu zinafifia. Nikamwambia tia nguvu, waamuzi hawatakuja kuinamia piano ndiyo wakusikie! Akatia. Sasa ni kama mtu anapigilia misumari. Na za juu bado hafifu. Sielewi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwita fundi wa piano. Nikamwambia upande wa juu umekufa. Kafungua, kachungulia kwa tochi, kabonyeza noti ya mwisho kabisa, kanitazama. Kabonyeza tena.
"Mwalimu, hii inalia vizuri tu. Wewe huisikii?"
Nikasema naisikia. Uongo.
Mama alianza kuwa kiziwi akiwa na miaka hamsini na miwili. Mimi nina hamsini na mmoja.

Jumanne, 12 Machi
Sijamwambia mtu.
Msemaji kaja na habari — wanasoma shule moja. Vidole alikuwa analia chooni. Eti hataki tena mashindano, mkono wake wa kulia ni mbovu. Mbovu! Na nani kamwambia hivyo? Mimi.

Jumatano, 13 Machi
Asubuhi nilimwambia mume wangu kuhusu masikio. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kasema kumbe ndiyo maana redio yetu siku hizi inasikilizwa na majirani. Kaomba ruhusa kazini, tukaenda hospitali pamoja. Pale kwenye benchi nikawa nawaza: nikiacha kufundisha, piano ikae tu sebuleni kama kabati?
Nesi kanichungulia sikio la kulia. La kushoto. Kamwita mwenzake aje aone.
"Mama, unatumia vijiti vya pamba?"
Kila siku, nikitoka kuoga.
"Basi umekuwa ukishindilia."
Nta! Nta tupu, masikio yote mawili! Katia matone, tukasubiri, kapuliza maji ya vuguvugu kwa bomba — kilichotoka sikiandiki hata humu. Kisha daktari kanipima kwa ile mashine ya milio. Masikio mazima. Mazima! Nikasikia viatu vya nesi koridoni, funguo mfukoni mwa mzee wangu, karatasi ikikunjwa. Nilicheka hadi machozi. Mzee wangu kaninong'oneza, unanisikia? Nikamwambia usinipigie kelele.

Alhamisi, 14 Machi
Nimemwomba radhi Vidole, mbele ya shangazi yake. Ngumu kuliko nilivyodhani. Nikasema, mkono wako haukuwa na kosa, mwanangu, masikio yangu ndiyo yaliyoziba. Shangazi kajitahidi kuzuia kicheko, kashindwa. Vidole hakucheka.
"Kwa hiyo nikipiga kama zamani utanisikia?"
Piga.
Misumari! Kajaribu tena, misumari. Mkono umeshazoea. Siku kumi nilimharibu, tisa zimebaki za kumtengeneza. Lakini karudi kwenye kiti, hataki tena kujitoa.

Jumatano, 20 Machi
Afadhali kubwa. Leo mara tatu kati ya tano imetoka laini. Nimeacha kumwelekeza kila kitu. Namuuliza tu: wewe umesikiaje? Leo kajibu bila kuinamisha kichwa. "Ya pili ilikuwa nzuri, ya nne nilikimbia." Kweli tupu! Baada ya somo nililala usingizi wa mtoto mchana.

Jumamosi, 23 Machi
Mashindano leo. Naandika koridoni, daftari gotini. Msemaji kamaliza. Kapiga vizuri, halafu kawaonyesha waamuzi mwenyewe alipokosea! Waamuzi wamecheka, nimesikia.
Vidole yuko ndani sasa. Mlango umefungwa lakini napata kila kitu. Skeli, safi. Kusoma noti, kajikwaa kidogo, kaendelea. Kusikiliza, kajibu zote upesi.
Sasa kipande. Mungu wangu — kaanza kwa nguvu! Kaacha kupiga. Shangazi yake kanishika mkono mpaka kalamu imechora mstari ukurasani.
Halafu sauti ya Vidole, si kubwa, lakini haitetemeki:
"Samahani. Nimeanza vibaya, nimesikia. Naomba nianze upya."
Waamuzi wananong'ona. Kanuni zinaruhusu? Sikumbuki, na sijali. Kasikia mwenyewe! Kiti kinasogezwa. Shangazi ananiuliza, wamekubali? Sijui. Namwambia anyamaze, tusikilize —