Mbio Kumi na Sita za Jumamosi

S.L.P. 118,
Hollis Bend, Mississippi.
Jumapili, 7 Agosti 1983.

Mpendwa mdogo wangu Roscoe,

Naomba karatasi hii ikukute mzima, umeshiba, na buti zako zimekauka. Sisi huku tunapumua, ingawa kwa joto la Agosti hii hata kupumua ni kibarua. Mama anauliza kama huko Ujerumani umepata mtu wa kukupikia maharage yanayoeleweka, au bado unaishi kwa soseji na kabichi chachu. Nilimwambia kwamba mtu aliyewahi kuunguza sufuria ya maji matupu hana haki ya kuchagua chakula. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Goti la Mama limetulia tangu aanze kulikanda kwa mafuta uliyomtumia. Mjomba Cleophus naye hajambo, ila bado anagombana na mbwa wa jirani kama vile wamezaliwa tumbo moja. Nami mwili wangu hauna neno. Moyo ndio hauna raha, na ndiyo maana leo sikubaki kanisani kwa chakula cha mchana.

Unajua bado nafua nguo za timu ya mpira pale Chuo cha Mount Hebron, mwaka wa kumi na mbili sasa. Msimu uliopita walifungwa mechi tisa kati ya kumi na moja. Wazee waliowahi kusoma pale walinuna, na Kocha Mkuu Hargrove akaponea chupuchupu. Walimbakiza kwa sharti moja, kwamba mazoezi ya nguvu na pumzi yaondoke mikononi mwake na apewe watu wapya.

Watu hao walifika Juni. Mkuu wao anaitwa Stroud, na ana wasaidizi wawili wenye shingo nene kama mapaja, ambao hawasemi mpaka yeye aseme, kisha wanarudia alichosema. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyodhani. Akina mama wa kanisa tulimpelekea kuku wa kukaanga na pai mbili za viazi vitamu. Kuku alimla. Pai alizirudisha, akasema sukari ni sumu. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka, na usinicheke.

Wiki ile ile Bwana Ezell akaambiwa apumzike. Mzee yule aliyewafunga ninyi vifundo vya miguu na kuwagawia maji tangu enzi zako, alipewa saa ya mkononi na kupigiwa makofi, akaenda kuishi kwa binti yake Memphis. Ule ukuta wenye majina ya waliowahi kunyanyua vyuma vizito kuliko wote umepakwa rangi nyeusi, na jina lako la 1961 limo humo chini. Juu yake Stroud ameandika kwa herufi nyekundu: MWILI NI MWONGO. Ninapopita pale na kikapu cha nguo huwa naangalia sakafu.

Maji sasa yanawekwa juu ya meza kando ya uwanja. Kila mtu anayaona, na hakuna anayeruhusiwa kuyagusa mpaka mazoezi yaishe. Wavulana hawaitwi tena kwa majina, wanaitwa kwa namba. Kumi na mmoja wameshafungasha mizigo na kurudi makwao. Mmoja wa kutoka upande wa Yazoo alianguka kifudifudi kwenye nyasi, na yule msaidizi mrefu akasimama juu yake akimwambia, "Mama yako hayupo hapa, amka." Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, dirisha la chumba cha kufulia linatazama uwanja.

Nisiwe mwongo, wapo wanaompenda Stroud. Wamejaa vifua, wanatembea kama majogoo. Wakija kuchukua nguo safi wanataniana kama kawaida yao. Juzi mmoja alimwambia mwanao Dewitt, "Sitini na tatu, leo umekimbia kama bibi yangu anayefuata barua posta." Dewitt akamjibu, "Bibi yako namjua, akikutana na Stroud ni Stroud atakayetapika." Wakacheka wote. Lakini alipogeuka kuondoka nilimwona anashika ukuta.

Ndugu yangu, sasa naingia kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka mwaka 1974, wale wauguzi walipokuja kutupima damu kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi na wewe tulipewa kadi zinazosema tuna sikoseli ya upande mmoja, si ugonjwa wenyewe, ila tunaubeba. Dewitt naye alipewa ya kwake. Junie wangu alikuwa nao pande zote mbili, na sina haja ya kukusimulia yaliyofuata, wewe ndiye uliyelibeba jeneza lile dogo upande wa mbele. Mwaka huo huo ulipeleka kadi yako jeshini kwa moyo mweupe, na wakakufungia mlango wa kikosi cha ndege. Ulirudi nyumbani ukaichana. Ya Dewitt uliichana pia, na kabla hujapanda basi mwaka juzi ulimwapisha mtoto hapo uani kwamba hatamwambia mtu yeyote, maana karatasi ile ni ya kumfungia mlango tu.

Sikukulaumu siku ile. Nilijua uchungu wako unatoka wapi. Najua pia utasema, "Mimi nilicheza nayo na sikufa." Kweli, hukufa. Lakini wewe ulicheza chini ya Bwana Ezell.

Ngoja nikwambie jambo ambalo huenda hukulijua. Bwana Ezell alisali nasi kanisa moja, na alijua. Hakuwahi kulitamka. Alipomwona Dewitt anaanza kujishika nyonga, alimwita, "Kijana, kanichukulie barafu." Chumba cha barafu kiko mbali, na mtoto alikwenda polepole, akanywa maji huko huko, akarudi na ndoo. Wenzake walimwita Bwana Barafu, wakidhani ni mvivu. Nadhani hata wewe ulitumwa sana barafu enzi zako, kwa jicho lake tu kabla ya vipimo, hebu kumbuka vizuri. Sasa mzee ameondoka, na pale chuoni hakuna mwingine anayejua.

Jumatano nilifungua mfuko wa nguo wa Dewitt, nikakuta bukta yake ina doa la rangi ya kahawa. Alipopita nyumbani jioni kula, nilimuuliza amemwaga nini.

"Soda, shangazi."

"Soda imefikaje huko?"

"Shangazi, wewe fua, usipeleleze."

Roscoe, miaka kumi na mbili nafua jasho, damu, matope na matapishi ya watoto wa watu. Soda hunata. Doa lile halikunata. Ulikuwa ni mkojo, mweusi kama kahawa isiyo na maziwa. Nilimwendea muuguzi wa zahanati, yule aliyemhudumia Junie, bila kutaja jina. Aliniambia misuli ikichoka kupita kiasi huanza kuoza ndani ya mtu aliye hai, na uchafu wake hutokea kwenye mkojo, na kwa wenye damu kama yetu huja haraka zaidi. Aliniambia huyo mtu, awaye yote, asikimbie tena mpaka aonwe na daktari.

Nilirudi nikambana. Mwishoni alikiri kwamba miguu inamkaza mpaka inakuwa migumu kama kuni, naye huipiga ngumi mpaka ilegee. Nikamwambia, "Mwanangu, mwambie kocha." Akanijibu, "Nilimpa baba neno langu."

Basi Ijumaa nilivua aproni nikaenda mwenyewe. Nilianza kwa Hargrove, maana tunafahamiana. Alitazama nje ya dirisha akaniambia, "Verdell, mwaka huu mambo ya mazoezi si yangu." Nikaenda kwa Stroud. Nilimweleza polepole, kwa adabu, kwamba namba sitini na tatu anahitaji maji na kupumzika kati ya mbio na mbio, na nikamweleza sababu.

"Una karatasi ya daktari, mama?"

"Karatasi ilichanwa. Mimi ndiye niliyemlea tangu mama yake afariki."

"Mimi ninayo karatasi. Amesaini mwenyewe kwamba hana tatizo lolote." Akapiga filimbi, akamwita Dewitt kutoka kwenye vyuma, akamuuliza mbele yangu na mbele ya wale wawili, "Sitini na tatu, huyu mama anasema una ugonjwa wa damu. Unao?"

Dewitt hakunitazama. Alisema, "Hapana, kocha. Shangazi yangu alifiwa na mtoto kwa ugonjwa huo. Tangu hapo anauona kwa kila mtu. Naomba umsamehe."

Niliumia, Roscoe, niliumia mahali ambapo nilidhani pamekwisha kupona. Sina hasira naye, maana nilijua ni maneno yako yaliyokuwa yakisema mle mdomoni mwake. Stroud alinishukuru kwa kuja. Kisha akamwambia mtoto, "Jumamosi utakimbia mstari wa mbele, tumtoe mama wasiwasi."

Jumamosi hii, tarehe kumi na tatu, ndiyo siku ya kupima pumzi. Ni mbio kumi na sita za yadi mia na kumi, saa nane mchana, juani, na mapumziko ya kuhesabu mpaka arobaini na tano tu. Asiyemaliza anakatwa kwenye timu, na akikatwa, chuo hakimlipii tena ada. Amebakiza mwaka mmoja tu apate shahada. Wewe na mimi tunajua hilo lina maana gani katika nyumba yetu, na yeye analijua kuliko sisi sote. Kwa hiyo hatasimama. Mwingine angesimama miguu ikikataa, lakini huyu ni mwana wako.

Ijumaa hiyo hiyo nilipiga simu kambini kwako kutoka ofisi ya mchungaji. Kijana aliyepokea aliniambia mko porini kwenye mazoezi mpaka tarehe ishirini, simu haziwafikii, ila barua hupelekwa kila siku na gari la chakula. Nilimwachia ujumbe. Aliniuliza jina lako linaandikwaje mara tatu, kwa hiyo simtegemei. Barua hii naipeleka posta kesho alfajiri. Mzee wa posta anasema siku tano ikiwa na bahati, saba isipokuwa nayo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi naogopa huyu atavunjika kwa kulisikia. Walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo naijua kwa kuiishi. Sikuombi umtoe kwenye mpira. Nakuomba umfungue kwenye kiapo chako, basi. Mimi hawezi kunisikiliza, Mama hawezi kumsikiliza, mchungaji alijaribu jana akaishia kuambiwa "ndiyo, mchungaji" mara nane. Ni sauti yako tu. Ukisoma hapa, mwombe mkubwa wako ruhusa, tafuta simu yoyote, hata kwa mkulima wa Kijerumani, piga nyumbani saa yoyote. Sitatoka karibu na simu usiku wala mchana, isipokuwa saa za kazi, na hapo Mama atakaa yeye.

Ikifika Jumamosi bila neno lako, nitakuwa uwanjani na ndoo yangu ya barafu. Nimeshamwambia mkuu wa chumba cha nguo kwamba siku hiyo nafua mimi peke yangu, kwa hiyo nitakuwa ndani ya uzio. Wanifukuze kazi wakitaka. Ila nimepiga hesabu ya umbali kutoka dirisha langu mpaka mstari wa mbele, na mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja.

Mama anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Mjomba Cleophus anakusalimu. Dada Arnetta wa kwaya anakusalimu kwa namna ambayo mimi sitaiandika, nisije nikatoa ushahidi. Dewitt yuko barazani anamalizia pai ya pichi. Namkunjia karatasi ili naye akuandikie salamu zake hapa chini bila kuyasoma haya ya juu, kama tulivyozoea.

Mungu akufunike huko porini, na aifanye barua hii iwe na mbawa.

Wako akupendaye, dada yako,
Verdell.

Baba, shikamoo.

Shangazi amekunja karatasi nisisome, lakini najua alichokuandikia. Usipate wasiwasi. Nimeulizwa mbele ya watu na sikusema. Ahadi yetu iko palepale. Jumamosi nimepewa mstari wa mbele, nitakimbia zote kumi na sita kwa ajili yako, na wakirudisha majina ukutani nitaandika letu. Miguu nayo imeanza kuzoea. Tangu jana hainiumi tena, hata siisikii.

Mwanao,
Dewitt.